Kocha wa Chuo cha Marekani na Simu Yako: Namna ya Kuwasiliana Bila Kuvunja Kanuni za NCAA

Kijana wa Iten au Mbulu akimtumia kocha wa chuo kikuu cha Marekani ujumbe Instagram, mara nyingi hupata moja kati ya mambo mawili: kimya, au kiungo cha fomu kisicho na hata salamu. Wengi huona wamepuuzwa, wanakwenda kumtafuta dalali. Kumbe huenda kocha ameusoma ujumbe, ameandika jina pembeni, na sasa anahesabu siku. NCAA, chombo kinachosimamia michezo katika vyuo zaidi ya 1,000, humpangia kocha ni lini aanze kuzungumza na mwanafunzi wa sekondari, kwa njia gani, na mbele ya nani. Akikosea kwa meseji moja tu, chuo chake kinatakiwa kujiripoti.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mzazi na mwalimu wa michezo wa Afrika Mashariki, hasa wa riadha na mpira wa kikapu, michezo ambayo vyuo vya Marekani vimekuwa vikichukua vijana wetu tangu enzi za Henry Rono pale Washington State na Suleiman Nyambui pale El Paso, hadi Hasheem Thabeet pale Connecticut na Edward Cheserek pale Oregon.

Kanuni ilivyokimbizana na simu

Ukiijua historia hii, hata programu ya simu itakayotoka mwaka kesho haitakubabaisha.

Tarehe 1 Agosti 2007, Division I ya NCAA (daraja la juu la vyuo vyake, likifuatwa na Division II na III) ilipiga marufuku makocha kuwatumia meseji wanafunzi wanaowasaka. Barua pepe na faksi ziliachwa. Mtu wa huku atashangaa: meseji ina ubaya gani? Jibu ni hela. Kwetu anayetuma ndiye anayekatwa. Marekani wakati ule hata mpokeaji alikatwa. Kijana hodari aliyesakwa na makocha thelathini aliweza kuwaletea wazazi bili ya kutisha kwa meseji ambazo hakuziomba, mbali na simu kulia katikati ya kipindi darasani. Wanamichezo wenyewe, kupitia kamati yao, ndio waliolisukuma katazo hilo.

Kisha zikaja simu janja. Barua pepe, iliyokuwa halali, ikaanza kulia mfukoni sawasawa na meseji iliyokatazwa. Ujumbe wa faragha wa Facebook na Twitter ukahesabiwa kuwa barua pepe, ukapita. Kumwandikia mtu ukutani kwake, mahali kila mtu anasoma, kukakatazwa. Simu ya video ikahesabiwa kuwa simu ya kawaida. Maneno yale yale, kwa mtu yule yule, saa ile ile, yakawa halali au haramu kutegemea kitufe gani kocha amebonyeza. Mwaka 2012 chuo cha Baylor kiliadhibiwa kwa meseji 738 na simu 528 zilizokiuka kanuni, katika mpira wa kikapu wa wanaume na wa wanawake.

Kikapu cha wanaume kilifunguliwa Juni 2012: meseji na simu bila kikomo, mradi mwanafunzi amemaliza mwaka wa pili wa sekondari. Michezo mingine ikafuata kwa awamu, futiboli ya Kimarekani ikiwa kati ya za mwisho, mwaka 2016. Mwaka huo huo, kuanzia Agosti 1, kocha akaruhusiwa kupiga laiki na kusambaza chapisho la mwanafunzi, lakini asiandike neno chini yake. Mwaka 2019 tarehe za kuanza mazungumzo zikaunganishwa kwa michezo mingi. Halafu ikaja korona: kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa Mei 2021 makocha wa Division I hawakuruhusiwa kukutana ana kwa ana na wanafunzi wanaowasaka. Usajili wote ukahamia kwenye simu na video, na tabia hiyo haijarudi nyuma. Kwa kijana aliye kilomita 12,000 kutoka uwanja wa chuo, hiyo ilikuwa neema.

NCAA iliacha kuhesabu vifaa na kubaki na maswali matatu. Yajibu kabla ya kila ujumbe:

Ni faragha au hadharani? Ujumbe wa mtu kwa mtu ni mawasiliano ya faragha, uwe wa WhatsApp, Telegram, Instagram au barua pepe. Maoni chini ya picha, kutagiwa jina, salamu kwenye video ya mubashara: hayo ni hadharani, na kocha hawezi kukuzungumzia hadharani kabla hujasaini.

Tarehe imefika? Kabla ya tarehe, hata faragha haiokoi.

Nani anasema kwa niaba ya nani? Mzazi wako ni sawa na wewe. Kocha msaidizi ni sawa na kocha mkuu. Rafiki aliyetumwa ni mkono wa aliyemtuma.

Hatua ya 1: Jua tarehe yako

Kwa riadha, mbio za nyika, kikapu cha wanaume, soka, voliboli, tenisi na kuogelea katika Division I, mlango hufunguka Juni 15 baada ya mwaka wa pili wa sekondari. Kuanzia siku hiyo kocha anaweza kukupigia, kukuandikia na kukutumia nyaraka za usajili. Softiboli na lakrosi husubiri Septemba 1 ya mwaka wa tatu, besiboli Agosti 1 ya mwaka huo. Futiboli ya Kimarekani, kikapu cha wanawake na hoki ya barafuni vina kalenda zao. Zisome kwenye tovuti ya NCAA katika toleo la mwaka huu, kwa sababu tarehe za michezo hiyo hurekebishwa mara kwa mara.

Division III haina tarehe ya kuzuia simu na meseji, lakini pia haitoi ufadhili wa michezo. Vyuo vya NAIA (chombo kingine cha michezo ya vyuo, nje ya NCAA) na vyuo vya miaka miwili vya NJCAA vina masharti machache sana ya mawasiliano. Kwa hiyo kocha akikujibu ukiwa kidato cha kwanza, usimhukumu kuwa mvunja kanuni wala tapeli. Tazama kwanza chuo chake kiko chini ya chombo gani.

Tatizo la huku ni kuhesabu miaka. Sekondari ya Marekani ni miaka minne, kuanzia mwaka wa tisa wa masomo, na mwaka wao huanza Agosti au Septemba. Kidato cha kwanza hadi cha nne hufanana nayo kwa idadi, lakini shule zetu huanza Januari. Kenya sasa ina Gredi ya 10 ya shule ya juu tangu Januari 2026, huku wenzao wa mfumo wa zamani wakimalizia vidato. Tanzania ina kidato cha tano na cha sita baada ya cha nne. Usijikokotolee mwenyewe. Kila chuo kina maofisa ambao kazi yao ni kuhakikisha makocha hawavunji kanuni. Tuiite ofisi ya kanuni. Mpe kocha tarehe mbili kwenye barua ya kwanza: mwezi na mwaka ulioanza kidato cha kwanza (au gredi inayolingana), na mwezi na mwaka utakaofanya mtihani wa mwisho. Atazipeleka huko, na jibu litatoka kwa wenye mamlaka nalo.

Hatua ya 2: Panga anwani kabla ya kuandika

Fungua barua pepe moja kwa ajili ya jambo hili tu, yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti au cheti cha kuzaliwa. Si jina la utani, si jina la msanii unayempenda. Barua pepe hiyo itakuwa nawe miaka minne au mitano: ndiyo itakayopokea fomu za chuo, akaunti ya NCAA na nyaraka za viza. Nywila yake iandikwe kwenye karatasi nyumbani. Vijana wengi hupoteza mawasiliano kwa sababu simu iliibiwa na akaunti ilikuwa imefungwa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la binamu.

Laini ya simu iwe moja. Huku tunabadilisha laini kwa kufuata bando la bei nafuu, na WhatsApp ya zamani inabaki hewani. Kocha anaandika pale, anaona tiki moja wiki mbili, anakwenda kwa mwingine. Kama unatumia simu ya mzazi, sema hivyo wazi kwenye barua, na utaje saa unazopatikana.

Zima ujumbe unaojifuta kwenye WhatsApp. Sababu utaiona kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 3: Barua ya kwanza

Hakuna kanuni inayokuzuia wewe kumwandikia kocha, hata ukiwa na miaka kumi na nne. Katazo liko upande wake. Andika kwa Kiingereza rahisi, na barua pepe ndiyo ianze, si Instagram. Makocha wengi hupanga majina kutoka kwenye barua pepe, na ujumbe wa Instagram kutoka kwa mtu asiyejulikana huangukia kwenye maombi ambayo huenda wasiyafungue.

Kichwa cha barua kibebe mambo manne: tukio, muda au kimo, mwaka wa kumaliza shule, nchi. Mwanariadha wa mita 5,000 aweke muda wake bora hapo hapo kwenye kichwa. Mchezaji wa kikapu aweke kimo bila viatu kwa sentimita na kwa futi, pamoja na nafasi anayocheza.

Ndani, mistari kumi hadi kumi na tano inatosha:

Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, zile tarehe mbili za hatua ya 1. Muda bora wa kila tukio, pamoja na siku, mahali, na kama ulipimwa kwa saa ya mkono au mitambo ya kielektroniki. Usifiche saa ya mkono. Kocha mzoefu hutambua, na akigundua baadaye hutaaminika tena. Taja mwinuko wa uwanja. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,700, Dar es Salaam ni pwani, na dakika 14 za mita 5,000 hazina thamani ileile katika sehemu hizo tatu. NCAA yenyewe hurekebisha muda wa mbio ndefu zilizokimbiwa kwenye miinuko, kwa hiyo kocha atajua la kufanya na namba hiyo. Kama una ukurasa wa matokeo wa World Athletics, weka kiungo.

Matokeo ya masomo: alama kwa somo, si neno "nzuri". Kisha kiungo cha video. Kwa kikapu, dakika mbili hadi tatu za mechi halisi, jezi yako ikionekana tangu sekunde ya kwanza. Weka kiungo, usiambatishe faili. Faili kubwa hurudi au huzama kwenye taka.

Andikia kila kocha barua yake, ukitaja jina lake na la chuo. Barua moja iliyotumwa kwa anwani arobaini kwa pamoja hutupwa. Kumi na tano zilizoandikwa vizuri zinafaa kuliko mia. Siku hiyo hiyo jaza fomu ya maswali ya wanamichezo iliyo kwenye tovuti ya timu. Fomu hiyo, vipeperushi vya kambi za mazoezi na vijitabu vya jumla vya chuo ni vitu ambavyo kocha anaruhusiwa kukutumia wakati wowote, na ndiyo maana ile fomu isiyo na salamu ilikuja. Lilikuwa jibu pekee alilokuwa na ruhusa ya kutoa. Ijaze yote.

Hatua ya 4: Kungoja bila kumponza kocha

Hapa ndipo desturi zetu hugongana na kanuni zao.

Usibipu. Huku kubipu ni lugha kamili: "nipigie, sina vocha." Kocha akiona namba ya +254 au +255 imekatika na akaipigia kabla ya tarehe, simu hiyo ni yake, na kosa ni lake. Hata ukimpigia mwenyewe na akapokea, tarajia akukatize kwa adabu. Hajakuchukia.

Mzazi asimwandikie kwa kudhani yeye yuko nje ya kanuni. Mawasiliano na mzazi au mlezi huhesabiwa sawa na mawasiliano na mwanafunzi.

Mwalimu wako wa michezo ni jambo tofauti. Kocha wa chuo anaweza kuzungumza naye kuhusu wewe: tabia, majeraha, mazoezi ya wiki. Hii ndiyo njia halali yenye faida kubwa kabla ya tarehe, na hutumiwa kidogo mno. Weka jina, barua pepe na namba ya mwalimu kwenye barua yako ya kwanza, kwa idhini yake. Asigeuzwe tarishi, hata hivyo. Kumpa ujumbe akuletee, au kuweka simu yake kwenye spika huku umekaa pembeni, ni kuzungumza nawe.

Kuna pia yule wa kijijini aliyetangulia, sasa yuko timu ya chuo, anayekuandikia "kocha kasema uwe tayari." Swali la tatu linamhusu. Kama anasema kwa kutumwa, inahesabiwa kana kwamba kocha ndiye anaandika. Mpe salamu, muulize maisha, chakula na baridi, lakini habari za ufadhili zingoje kinywa chenye ruhusa. Tajiri anayeipenda timu na kuichangia ndiye asiyeruhusiwa kabisa kukushawishi kwa niaba ya chuo, kwa simu wala kwa zawadi.

Laiki za kocha kwenye picha zako ni halali. Anaruhusiwa, na makocha huzitumia kama kukonyeza jicho. Usizisome kama ahadi. Kocha mmoja anaweza kupiga laiki kwa vijana mia mbili kwa wiki.

Hatua ya 5: Tarehe imefika, simu inalia

Panga saa kwa maandishi, kwa mfumo wa saa 24, na utaje nchi. Kocha akiandika 3 p.m. ya mashariki mwa Marekani, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba hiyo ni saa nne usiku Nairobi na Dar. Miezi ya baridi ni saa tano usiku, kwa sababu wao hurudisha saa nyuma na sisi hatufanyi hivyo. El Paso iko nyuma zaidi: 3 p.m. yao wakati wa kiangazi ni saa sita usiku kwetu. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi watoe saa moja. Kosa linalojirudia ni kijana kusoma "3" na kuwa tayari saa tatu yetu. Mwandikie kocha hivi: saa 22:00 ya Nairobi, siku fulani. Atakushukuru.

Video ya saa moja hula kati ya nusu GB na GB moja na nusu kutegemea programu na ubora. Nunua bando mapema, jaribu mahali utakapokaa saa ile ile siku moja kabla (mtandao wa jioni mara nyingi si wa mchana), na mkubaliane kwamba picha ikikwama mtahamia kwenye sauti.

Uliza mambo yanayopimika. Ufadhili ni kiasi gani kwa dola kwa mwaka, na unafunika nini: ada, malazi, chakula, vitabu, bima ya afya? Ni wa mwaka mmoja au zaidi? Nikiumia je? Likizo ya kiangazi nitalala wapi? Nauli ya ndege ni ya nani? Timu itakuwa na watu wangapi mwaka huo? Swali la mwisho limekuwa zito tangu msimu wa 2025: makubaliano ya kesi ya House (ya wanamichezo dhidi ya NCAA) yameviwekea vyuo vilivyojiunga nayo kikomo cha idadi ya wachezaji, 17 kwa mbio za nyika na 45 kwa riadha ya uwanjani. Nafasi ni chache, na kocha anayekwepa swali hilo anakuambia kitu.

Ujumbe wa sauti wa dakika nne, tuliouzoea, hawaupendi. Andika.

Ukiona kocha ameacha kuja viwanjani kwa muda, huenda ni kipindi ambacho kukutana ana kwa ana kumefungwa. Kipindi hicho hakizuii simu wala meseji, kwa hiyo endelea kujibu.

Hatua ya 6: Tunza kila kitu

Vyuo vingi huweka kumbukumbu za simu za makocha wao kwa programu maalumu. Nawe tunza zako. Mara moja kwa mwezi hamisha mazungumzo ya WhatsApp kwenda kwenye barua pepe yako (kwenye menyu ya mazungumzo kuna sehemu ya kuyatoa yote kama faili), na kila baada ya simu andika mistari miwili: siku, saa, nani alimpigia nani, nini kiliahidiwa. Kisha mtumie kocha barua pepe fupi ya kuthibitisha mlichoongea. Ahadi ya mdomo ya ufadhili haimfungi yeyote, si wewe wala chuo. Maandishi yako angalau yanaonyesha iliyosemwa ilikuwa nini.

Kumbukumbu za simu ndizo zilizomponza kocha Kelvin Sampson. Pale Oklahoma chuo kiliadhibiwa mwaka 2006 kwa simu zaidi ya 550 zilizozidi kiwango. Alipohamia Indiana akiwa amewekewa vikwazo vya kuwapigia wanafunzi, ikagundulika simu za watu watatu ambamo msaidizi alipiga na yeye akaunganishwa. Aliondoka Februari 2008. Leo baadhi ya watu wa kati hufanya jambo lile lile kwa WhatsApp: "nimeunganisha, ongea naye kidogo tu." Kata.

Meseji moja ya mapema kwa kawaida huwa kosa dogo, ngazi ya III, na kijana mwenyewe mara nyingi haadhibiwi. Lakini kesi inaweza kusimamisha uhalali wako wa kuchezea chuo hicho hadi ichunguzwe, na kwa mtu anayengoja viza, miezi miwili ni mingi.

Hatua ya 7: Hakikisha ni kocha kweli

Picha ya kocha na nembo ya chuo kwenye WhatsApp hazithibitishi kitu. Nenda kwenye tovuti ya michezo ya chuo, tafuta orodha ya wafanyakazi, chukua barua pepe iliyoandikwa pale (vyuo vya Marekani kwa kawaida hutumia anwani zinazoishia na .edu), na umwandikie mwenyewe kupitia hiyo: "Je, namba hii ni yako?" Usijibu kwa kubofya kiungo alichokutumia mtu huyo.

Kocha wa chuo hadai "ada ya kushika nafasi" kwa M-Pesa au Western Union. Malipo halali yana milango yake: ada ya akaunti hulipwa kwenye tovuti ya NCAA Eligibility Center (kitengo kinachokagua kama unastahili kucheza), ada ya SEVIS (mfumo wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), dola 350, hulipwa kwa serikali ya Marekani baada ya chuo kukupa fomu I-20, inayothibitisha kwamba umekubaliwa, na ada ya viza ya mwanafunzi hulipwa kwa utaratibu wa ubalozi. Dalali anayetaka asilimia ya ufadhili wako ni hatari mara mbili: anakula hela, na mkataba naye unaweza kukuharibia uhalali wa kucheza.

Hatua ya 8: Karatasi, saini na viza

Fungua akaunti ya Eligibility Center mapema, si baada ya ofa. Division I hudai masomo 16 ya msingi na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4.0, Division II 2.2. NCAA iliondoa sharti la SAT na ACT, mitihani ya Marekani ya kujiunga na chuo, mwaka 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuitaka, pamoja na mtihani wa Kiingereza. Orodhesha mbio zote ulizokimbia tangu umalize shule, na kila shilingi uliyopokea, hata zile za mbio za barabarani za mtaani. Matokeo ya mbio hubaki mtandaoni miaka mingi na wapinzani huyatafuta. Kwa muda mrefu Division I imempa mwanafunzi wa riadha mwaka mmoja baada ya muda wa kumaliza sekondari. Akiendelea kushindana rasmi zaidi ya hapo bila kujiunga na chuo, hupoteza misimu. Kanuni za fedha na muda zimekuwa zikibadilika haraka tangu 2021, kwa hiyo muulize kocha akupe jibu la ofisi ya kanuni kwa maandishi.

Ofa ya maandishi inaruhusiwa kuanzia Agosti 1 ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Ile barua maarufu ya kukusudia (National Letter of Intent), ambayo mwanafunzi alisaini kuahidi kujiunga na chuo, iliyokuwapo tangu 1964 na kwa miongo kadhaa ikatumwa kwa faksi, ilifutwa Oktoba 2024. Sasa unasaini mkataba wa ufadhili wenyewe, kwa kawaida kwenye simu. Usome ukurasa hadi ukurasa kwenye skrini kubwa, hata kama ni kwenye kompyuta ya shule, kabla ya kidole kugusa. Ukishasaini, makocha wa vyuo vingine wanatakiwa kuacha kukufuatilia. Waandikie sentensi moja ya shukrani, maana mmoja wao huenda ukakutana naye ukitaka kuhama. Na hapo napo kuna mlango: ukiwa chuo kimoja cha NCAA, kocha wa chuo kingine haruhusiwi kukushawishi uhamie kwake hadi jina lako liingie kwenye mfumo wa uhamisho ulioanzishwa Oktoba 2018, hata kama anapitia kwa ndugu yako wa Eldoret.

Viza nayo sasa imeingia kwenye simu. Fomu ya maombi ya viza, DS-160, huuliza majina ya akaunti zako za mitandao ya miaka mitano iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi hutakiwa kuziweka wazi kwa umma. Andika orodha ya akaunti zote mapema, pamoja na zile ulizozisahau. Wewe uliyemtunzia kocha faragha kwa miaka miwili utalazimika kufungua kurasa zako zote kwa ofisa wa ubalozi, kwa hiyo pitia machapisho yako miezi kadhaa kabla ya usaili. Usifute akaunti wiki ya usaili. Akaunti uliyoitaja kwenye fomu na ambayo haipo tena huzua maswali. Tazama pia kama nchi yako imewekewa zuio la viza za wanafunzi kabla ya kulipa chochote: Burundi iliwekewa Juni 2025, na orodha imekuwa ikiongezeka tangu hapo.